Lango la Kondoo: Shajara ya Mradi wa Chumba cha Misitu

Wiki ya kwanza

Tumekabidhiwa stoo ya zamani ya miche hapa Lushoto, yenye vyumba viwili na paa la mabati linalovuja upande wa kusini, ili tuigeuze kuwa chumba cha mafunzo kwa vijana wa doria wa kamati za maliasili za vijiji vinavyopakana na msitu. Mada tuliyokubaliana ni kazi za kila siku za bwana misitu wa Marekani katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, yaani 1917 na 1918, nami, niliyestaafu katika kazi hiyohiyo ya misitu, nimepewa jukumu la kuandika maelezo na kusimamia utengenezaji wa vifaa vya mfano.

Mjumbe mmoja aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini tuvuke bahari kutafuta mfano ilhali vita hivyohivyo vilipita hapa hapa mlangoni kwetu. Ni kweli vilipita: Waingereza walishindwa Tanga Novemba 1914, kisha mwaka 1916 majeshi yao chini ya Jenerali Smuts yakateremka kuifuata reli ya Usambara, na nyuma yao wapagazi wengi mno ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Lakini wapagazi hao hawakuachiwa kalamu wala daftari. Bwana misitu wa Marekani, kwa upande wake, alilazimishwa na mwajiri wake kuandika kila jioni amefanya nini, kwa saa ngapi, na amesafiri umbali gani, na kwa sababu hiyo tunaweza kuijua siku yake kwa undani ambao siku ya babu zetu hatutaipata tena. Mjumbe aliridhika nusu. Nami pia nimeridhika nusu.

Suala la jina limetuchukua mchana mzima. Wengine walitaka tumwite askari wa misitu, wengine mlinzi. Nimeshikilia bwana misitu, kwa sababu mtu huyu hakuwa analinda tu: aliuza miti, alitoa vibali vya malisho, alipima viwanja vya walowezi, alikarabati njia, alizima moto, na usiku aliandika ripoti. Idara ya Misitu ya nchi yake ilikuwa changa, imeundwa mwaka 1905 chini ya Gifford Pinchot, na ilimtaka mwombaji awe na umri kati ya miaka 21 na 40, awe na farasi wake mwenyewe, na aonyeshe kwa vitendo kwamba anaweza kumtandika, kumfungia mzigo usioanguka njiani, kusoma dira na kupima mbao zilizomo ndani ya gogo. Chakula cha farasi kilikuwa juu yake. Hapo vijana wa doria wanaojaza mafuta ya pikipiki kwa fedha zao wataelewa bila maelezo ya ziada.

Wiki ya pili

Nyundo imekamilika. Fundi wa kuchomelea alitengeneza kichwa chenye upande mmoja wa shoka na upande wa pili wenye herufi U na S zilizochomoza, kama ile waliyotumia kugongea miti iliyoruhusiwa kukatwa. Tumeigonga kwenye kisiki na kwenye gogo la msonobari, na alama imetoka safi. Hapa sikuhitaji kuandika aya ndefu, kwa kuwa kila aliyewahi kusimamia uvunaji nchini mwetu anajua maana ya kugonga nyundo: alama ikiwa juu ya shina pekee itaondoka na gogo, kwa hiyo bwana misitu aligonga mara mbili, moja usawa wa kifua na nyingine chini kabisa, ili akirudi baada ya miezi miwili akikuta kisiki kisicho na alama ajue kuna mtu wa kuulizwa.

Rula ya kupimia magogo nayo imechongwa. Mpimaji alisimama upande mwembamba wa gogo, akapima upana, akaangalia urefu, kisha akasoma moja kwa moja kwenye rula kiasi cha mbao kitakachopatikana. Tumeiandika kwa sentimita ili wageni waweze kuitumia, jambo ambalo si la kihistoria, na nimelieleza kwenye kibao.

Wiki ya tatu

Wiki hii yote imekwenda kwenye meza ya kutafutia moto, kifaa ambacho mwanzoni nilikipangia nafasi ya katikati ya chumba. Kifaa hicho alikibuni William Bushnell Osborne, mtumishi wa Idara hiyo, katika miaka michache kabla ya vita. Ni ramani ya duara iliyobandikwa juu ya meza, na juu yake pete inayozunguka yenye tundu la kuchungulia upande mmoja na unywele wa farasi uliosimama wima upande wa pili. Mwangalizi aliyeko kileleni akiona moshi, huzungusha pete mpaka unywele ukate katikati ya moshi, husoma digrii ukingoni, kisha hupiga simu. Mwangalizi wa kilele kingine akisoma digrii zake, mistari miwili hukutana juu ya ramani, na pale inapokutana ndipo penye moto.

Seremala ametukatia plaiwudi ya duara yenye upana wa sentimita 60. Badala ya unywele wa farasi tumefunga uzi wa kuvulia samaki. Jumamosi tulipanda na meza hiyo hadi kwenye kilima nyuma ya shule, tukamtuma kijana awashe majani mabichi kwenye shamba lake ng'ambo ya bonde, baada ya kutoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji ili watu wasije na ndoo. Moshi ulipanda vizuri, uzi ukaukata katikati, tukasoma digrii, tukachora mstari, na mstari ukatupeleka kwenye zahanati.

Tulirudia mara tatu, na mara zote tatu zahanati iliwaka moto. Kosa lilikuwa langu. Niliiweka sawa meza kwa kutumia dira nikiwa nimesimama karibu na tangi la bati la maji ya shule, na sindano ilivutwa. Tulipoihamisha meza hatua hamsini na kuielekeza upya kwa kulenga mnara wa kanisa ambao nafasi yake kwenye ramani tunaijua, mstari ulipita kando kidogo tu ya shamba. Nimeliingiza kosa hili kwenye maelezo ya kifaa kwa sababu hesabu yake inafundisha: kosa la digrii moja, kwa moshi ulioko kilomita 10, humpeleka mzimaji karibu mita 175 nje ya mahali penyewe, na katika korongo lenye miti minene mita hizo ni saa nzima ya kuhangaika huku moto ukikua.

Kumbukumbu iliyowafanya wawe wakali hivyo juu ya moto ilikuwa bado mbichi. Tarehe 20 na 21 Agosti 1910 upepo uliikusanya mioto mingi ya Idaho na Montana, ukateketeza takriban ekari milioni 3 na kuua watu zaidi ya 80, wengi wao wazimaji. Karibu na mji wa Wallace, bwana misitu Edward Pulaski aliwaingiza watu wake zaidi ya 40 ndani ya shimo la mgodi na kuwazuia wasitoke, na wengi wao wakapona. Chombo chenye shoka upande mmoja na jembe upande wa pili, ambacho hadi leo kinabeba jina lake, tumekiagiza kwa fundi yuleyule.

Wiki ya nne

Simu. Waya wa chuma namba 9, mmoja tu, ulipitishwa mtini kwa mtini na ardhi yenyewe ikawa njia ya kurudishia umeme. Kinachopendeza ni kikombe kilichoshika waya. Hakikufungwa kwa kubana. Kilikuwa vipande viwili vya kauri vilivyounganishwa na kuacha tundu katikati, na waya uliachwa ulegee ili uteleze humo ndani. Mti ukiangukia laini, waya huteleza kutoka miti ya jirani na kulala chini bila kukatika, na mara nyingi simu huendelea kusikika. Mfinyanzi wetu ametengeneza vikombe sita, viwili vimepasuka tanuruni. Tulifunga waya kati ya mikaratusi minne na kuuangushia gogo, ukateleza kama ulivyotakiwa. Kila theluji ilipoyeyuka, kazi ya kwanza ya bwana misitu ilikuwa kuifuata laini hiyo kwa farasi, maili baada ya maili, akiuinua waya kutoka chini.

Wiki ya tano

Mvua. Paa linavuja upande wa mashariki pia. Hakuna kilichofanyika isipokuwa kuhamisha meza ya moto na kuifunika turubai.

Wiki ya sita

Nimeanza maelezo ya vita vyenyewe, na hapo mpango wangu wa awali umeanza kuyumba.

Marekani iliingia vitani tarehe 6 Aprili 1917. Majeshi yaliyokuwa Ufaransa yalihitaji mbao kwa magati, mataruma ya reli, mabanda ya askari na kuta za mahandaki, na kusafirisha mbao kuvuka Atlantiki kungekula nafasi ya meli ambazo tayari hazikutosha. Ikaamuliwa wapelekwe watu wa kukata miti ya Ufaransa yenyewe. Mkuu wa Idara ya Misitu, Henry Graves, alivaa sare na kutangulia ng'ambo, na msaidizi wake Albert Potter akashika ofisi. Kikosi cha 10 cha wahandisi wa misitu kiliondoka Septemba 1917, kikafuatiwa na kile cha 20 kilichokuja kuwa kikubwa kuliko vyote. Si wote waliofika. Tarehe 5 Februari 1918 meli Tuscania, iliyobeba pia askari wa kikosi cha 20, ilipigwa na nyambizi ya Wajerumani karibu na kisiwa cha Islay, Scotland, na watu zaidi ya 200 wakafa.

Waliobaki msituni walikuwa wachache, na kazi haikupungua. Vilele vya kuangalizia moto vilihitaji macho, na milango iliyokuwa imefunguliwa kidogo kwa wanawake ilifunguka zaidi. Hallie Daggett alikuwa ametangulia mwaka 1913 katika kilele cha Eddy's Gulch, kwenye msitu wa Klamath, California, akiwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa na Idara hiyo kwa kazi ya uangalizi, na ameshatuletea mjadala: vijana wawili wa kike wa doria waliomsoma kwenye rasimu wametaka picha yake iwekwe mlangoni. Nimekubali.

Zaidi ya hapo kulikuwa na kazi zilizoletwa na vita. Huko Oregon na Washington maelfu ya askari waliingizwa misituni kukata spruzi ya Sitka, mti wa jamii ya misonobari wenye mbao nyepesi na imara zilizofaa kuunda ndege. Katika majimbo mengine watumishi wa misitu walitafuta mijozi myeusi (black walnut) iliyosimama mashambani kwa watu, kwani mbao zake ndizo zilizotengenezewa vitako vya bunduki na propela za ndege. Katika maabara ya mbao ya Madison, Wisconsin, wataalamu walikesha kutafuta njia ya kukausha mbao za ndege upesi bila kuzipasua. Haya yote yamejaa kwenye vitabu, nami nilikuwa nimeyapangia ukuta mzima.

Lakini nilipoanza kuandika ubao wa siku ya mfano, siku moja ya Julai 1918 katika msitu wa Manti, jimbo la Utah, niliona kwamba karibu hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoingia. Bwana misitu wa Manti hakuona ndege wala mjozi. Nilichopata kwenye siku yake, kila nilipoipanga upya, kilikuwa kondoo. (Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye ubao kwamba siku hii tumeiunda sisi kutokana na kazi zinazojulikana, na si nakala ya shajara ya mtu yeyote.)

Wiki ya saba

Nimeichukua wiki nzima kwa malisho, na nadhani hapa ndipo mradi wetu ulipaswa kuanzia.

Kila mfugaji aliyepeleka wanyama katika msitu wa taifa alikuwa na kibali kinachotaja idadi, eneo, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Kazi ya bwana misitu ilikuwa kuhakikisha kwamba nyasi zimekwisha simama kabla ya kundi kuingia, kwamba chumvi haiwekwi kando ya mto ambako wanyama wangekanyaga kingo, na kwamba mchungaji anawalaza kondoo mahali papya kila usiku badala ya kuwarudisha kambini kwa njia ileile mpaka ardhi ibaki vumbi. Haya hayakuwa mambo ya kubahatisha. Arthur Sampson, aliyeanza kuchunguza malisho katika milima ya Wallowa, Oregon, mwaka 1907, na kisha kusimamia kituo cha utafiti kilichofunguliwa mwaka 1912 juu ya mji wa Ephraim, Utah, alikuwa ameonyesha kwamba majani yanayoliwa kila mwaka kabla ya kuzaa mbegu hufa, na udongo wake hufuata maji. Watu wa Manti walilijua hilo bila mtafiti: baada ya mafuriko ya matope kuingia mjini mwao, wao wenyewe walikuwa wameomba msitu wao uhifadhiwe, na ukahifadhiwa mwaka 1903.

Kisha vita vikaja na kutaka nyama, ngozi na sufu ya sare za askari. Idara ililegeza idadi. Kufikia mwaka 1918 ng'ombe katika misitu ya taifa walikuwa zaidi ya milioni 2, na kondoo zaidi ya milioni 7. Bwana misitu aliyekuwa amezoea kumwambia mfugaji kwamba bonde hili limechoka, sasa aliambiwa na huyohuyo mfugaji kwamba anainyima nchi chakula wakati wa vita, na maneno hayo yalikuwa na uzito kwa sababu hata mabwana zake walikuwa wakiyasema. Aldo Leopold, mtumishi wa Idara hiyo huko New Mexico ambaye baadaye alisifika kwa maandishi yake, aliondoka kazini mapema mwaka 1918 alipoona malisho ya vita yamemeza kila kitu, akarejea mwaka uliofuata. Bei ya sufu ilipoanguka baada ya vita, mfugaji mwenye deni hakuwa tayari kupunguza hata mnyama mmoja, na kibali kilicholegezwa kwa miezi michache kilichukua miaka mingi kukazwa tena.

Huyu ndiye mtu ninayemfahamu. Sijawahi kukata mbao za ndege, lakini nimewahi kusimama mbele ya kundi la ng'ombe ndani ya hifadhi nikiwa na karatasi mkononi, huku mwenye ng'ombe akiwa na simu ya mkubwa wangu.

Wiki ya nane

Jaribio la lango. Njia yao ya kuhesabu ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: kundi hupitishwa kwenye upenyo mwembamba uliozibwa kwa magogo au matawi pande zote mbili, na mhesabuji husimama kando akiwahesabu wanavyopita wawili wawili au watatu watatu, na kila wakifika mia huhamisha kokoto moja kutoka mfuko huu kwenda ule, au hukata alama kwenye kijiti. Kundi la kawaida lilikuwa na kondoo elfu moja na zaidi. Mara nyingi mwenye kondoo alisimama upande wa pili akihesabu yake.

Tuliazima kondoo wa jirani, tukajenga lango kwa fito nyuma ya stoo, na tukakubaliana kokoto moja kwa kila kumi. Mimi nilisimama kulia, na mjukuu wa jirani, mchungaji wao wa likizo, kushoto. Dakika ya kwanza walikataa kabisa kupita. Kisha dume mmoja aliruka kitu ambacho hakipo, na waliomfuata wote wakaruka palepale, mbavu kwa mbavu, vumbi likapanda mpaka magotini, na kabla sijaipata kokoto ya tano mfukoni walikuwa wamekwisha.

"Hamsini na tisa," nilisema.

"Sitini na mbili, babu," alisema mtoto. "Hao weusi watatu walipita wamebanana, wewe ulikuwa unatafuta jiwe."

Tuliwahesabu tena wakiwa zizini, wamesimama. Walikuwa sitini na mbili. Nimekosa watatu katika sitini na mbili, mchana kweupe, bila mtu wa kunishinikiza. Nikikosa kwa kiwango hicho katika kundi la elfu mbili, karibu mia moja wataingia msituni bila kibali, na nitaandika kwenye shajara kwamba nimewahesabu. Nimemwomba mtoto huyo awe ndiye atakayeonyesha zoezi siku ya ufunguzi, naye ameuliza atalipwa nini.

Wiki ya tisa

Tumepanga upya chumba. Meza ya moto imehamia dirishani, ambako angalau inaweza kulenga kitu, na ukuta wa ndege na mbao umepunguzwa kuwa kibao kimoja. Katikati tumeweka lango la fito lenye upana ambao mgeni atalazimika kupita akiwa peke yake au na mwenzake mmoja. Kando yake pana mfuko wa kokoto, kibali cha mfano chenye idadi ya 1917, na juu yake kibali cha pili chenye idadi ya 1918, ambayo ni kubwa zaidi kwa bonde lilelile. Mjumbe aliyehoji habari ya Marekani siku ya kwanza alikuja jana, akasimama langoni kwa muda, kisha akauliza kama tunaweza kuongeza kibali cha tatu kitupu, ili vijana wajaze idadi ya bonde la kijiji chao. Nimetoa nakala thelathini. Zilizobaki ni paa la mashariki na posho ya mtoto.